Eagles walishapata warithi wa Williams kabla hajaondoka

Kila Machi, soko la wachezaji huru la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, likifunguliwa, naulizwa swali lilelile: fulani kaondoka, nani anaziba pengo? Kwa walinzi wa safu ya mbele, swali hilo huja limechelewa. Mrithi anatakiwa awe ameshakaa kambini mwaka mmoja au miwili.

Tazama Philadelphia Eagles. Februari 9, 2025 waliichapa Kansas City Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Kwotabeki wa Chiefs (mrusha mpira mkuu), Patrick Mahomes, aliangushwa mara sita kabla ya kurusha, na kocha wa ulinzi Vic Fangio hakumtuma mtu wa ziada kumkimbiza. Wanne wa mbele walitosha. Josh Sweat alimwangusha mara mbili na nusu (nusu ni pale mnapomdaka wawili), Milton Williams mara mbili. Machi haijaisha, Williams yuko New England kwa mkataba wa miaka 4, dola milioni 104, na Sweat yuko Arizona kwa dola milioni 76.4.

Sisi tuliokulia kwenye soka tungesema nunua mwingine. Lakini NFL ina kikomo cha mishahara, mwaka ule dola milioni 279.2 kwa kikosi kizima, na Williams alikuwa akicheza karibu nusu tu ya muda wa ulinzi. Mimi pia ningemwacha aende.

Walinzi wa ndani ni majitu ya kilo 140, wanachoka haraka, hivyo huingia na kutoka kwa zamu. Unachorithisha ni zamu. Jordan Davis alishachukuliwa kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya 2022, Jalen Carter ya 2023, na mwaka huohuo, raundi ya saba, Moro Ojomo, mzaliwa wa Nigeria. Wote bado walikuwa kwenye mikataba yao ya kwanza, ile ya bei nafuu. Zamu za Williams zikagawanywa, kazi ikaendelea.

Walinzi wa pembeni mwa safu, nafasi aliyoiacha Sweat, ndiko kulikowatesa. Nolan Smith aliumia mapema. Za'Darius Smith alisajiliwa Septemba, akastaafu Oktoba. Brandon Graham, aliyekwishastaafu tangu Machi, akarudi uwanjani akiwa na miaka 37. Mwanzoni mwa Novemba Eagles wakatoa nafasi yao ya raundi ya tatu ya drafti kwa Miami ili wampate Jaelan Phillips. Hiyo ndiyo bei ya kutafuta mrithi msimu ukiwa umeshaanza.