Je, wajua nani humchagua mbunge wa viti maalumu?

Mara yangu ya kwanza kupiga kura ilikuwa Oktoba 2010, katika kituo kimoja cha Ujiji. Nilipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Nikasimama kungoja ya nne. Niliamini kabisa kwamba sisi wanawake tuna karatasi yetu ya kumchagua mbunge wa viti maalumu, yaani vile vya wanawake, wa Mkoa wa Kigoma, maana ndivyo anavyotambulishwa mikutanoni. Karani akaniambia hakuna kitu kama hicho. Mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanieleza kwa upole: "Hao huteuliwa na Rais, mwanangu."

Naye hakuwa sahihi, na jibu lake ndilo ninaloendelea kulisikia hadi leo. Lina asili yake. Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi 10, na angalau 5 kati yao lazima wawe wanawake. Mwanamke aliyepitia mlango huo na yule wa viti maalumu huapa kiapo kilekile na hukaa ukumbi uleule, na hakuna kati yao aliyezunguka vijijini kuomba kura za jimbo. Ni rahisi kuwachanganya. Lakini katika viti maalumu Rais hana uteuzi wowote. Baada ya uchaguzi ule wa 2010 viti hivyo vilikuwa 102, na vyote viligawanywa kwa kura.

Kosa langu la mkoa nalo lina chanzo. Chama cha Mapinduzi (CCM), kwa mfano, huwapigia kura wanawake wake katika mikutano ya mikoa ya UWT, jumuiya yake ya wanawake. Kuna ukumbi, kuna sanduku, kuna mshindi anayebebwa juu kwa nderemo. Ukiona picha hizo utadhani wanawake wa mkoa mzima wamechagua. Waliopiga kura mle ni wajumbe wa jumuiya ya chama, na wanachopanga ni orodha ya majina. Tume ya Uchaguzi hugawa viti kwa vyama, wala si kwa mikoa.

Sasa hivyo viti hugawanywaje? Twende ziwani. Tuseme kuna wenye vyombo kadhaa wanaovua dagaa, na kila mmoja ana mitumbwi katika mialo mingi: Kibirizi, Katonga na kuendelea. Kuna shindano la kwanza, la mwalo mmoja mmoja. Aliyeleta ndoo nyingi kuliko wenzake anachukua tuzo ya mwalo huo. Aliyezidiwa kwa ndoo moja hapati kitu, kama vile yule aliyerudi na chombo kitupu. Huo ndio ubunge wa jimbo.

Kukikucha inafanyika hesabu ya pili. Ndoo zote za kila mwenye vyombo, za mialo aliyoshinda na za mialo aliyoshindwa, zinajumlishwa pamoja. Kisha tuzo nyingine zinagawanywa kwa kadiri ya jumla hiyo. Ile ndoo iliyokosa thamani usiku, asubuhi inahesabiwa. Lakini kuna kizingiti: asiyefikisha ndoo 5 katika kila 100 zilizovuliwa ziwa zima haingii kwenye mgawo.

Kwa hiyo ile karatasi ya mbunge niliyotumbukiza Ujiji ilifanya kazi mbili, na mimi nilijua moja tu. Hata mgombea wangu angeshindwa, kura yangu ingeendelea kuhesabika kitaifa katika viti vya wanawake wa chama chake. Bado nastaajabu kwamba jambo zuri namna hii halielezwi kwa mpiga kura mlangoni.

Mkoa wetu una mfano usio wa kawaida wa kizingiti hicho. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi kilishinda majimbo manne, yote ya Kigoma: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Viti maalumu kilipata sifuri, kwa kuwa kura zake nchi nzima hazikufika asilimia 5. CCM ilipata 67, CHADEMA 25, CUF 10. Chama kilichotikisa Kigoma nzima kikaingia bungeni na mwanamke mmoja, Agripina Buyogera, na huyo alishinda jimbo la Kasulu Vijijini kama mgombea mwingine yeyote. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo nayo ilishinda Kigoma Mjini, isipate kiti maalumu hata kimoja.

Historia yake ni fupi: viti 15 mwaka 1985, kisha asilimia 20 ya wabunge mwaka 2000, kisha isiyopungua 30 kuanzia 2005. Idadi ya wanawake bungeni imepanda sana. Kusema viti hivi ndivyo vimewafungulia wanawake majimbo kunahitaji uangalifu, kwa sababu katika miaka hiyohiyo elimu na vyama vyenyewe vilibadilika.

Na viti hivi havilingani na vya majimbo. Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Mfuko wa maendeleo ya jimbo nao, kama jina lake lilivyo, hufuata jimbo. Mwanamke wa viti maalumu anaweza kuwa waziri hodari kwa miaka mingi, na mlango ule wa Waziri Mkuu ukabaki umefungwa kwake.

Linalonigusa zaidi ni orodha. Kura yangu huamua chama kitapata viti vingapi. Majina na mpangilio wake huamuliwa ndani ya chama. Dada wa Kasulu au Uvinza anayetaka nafasi hiyo hana budi kuanzia kwenye vikao vya chama, ambako wapiga kura wengi hatumo. Na mbunge wa jimbo akifariki, wananchi hurudi kwenye sanduku. Wa viti maalumu akifariki, linachukuliwa jina jingine kutoka orodha ya chama chake, na hakuna anayepanga foleni.