Kapellbrücke, daraja la mbao la Lucerne: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjini Lucerne, Uswisi, pale Mto Reuss unapotoka ziwani, kuna daraja la mbao lenye paa ambalo ndilo sura ya mji. Huitwa Kapellbrücke, Daraja la Kikanisa, kwa sababu ya Kikanisa cha Mtakatifu Petro kilicho jirani. Mengi husemwa juu yake, na baadhi si kweli.

"Paa ni la kuwakinga wapita njia na mvua." Wanafaidika, ndiyo, lakini paa ni la daraja lenyewe. Mbao iliyozama majini muda wote hudumu, na mbao kavu hudumu. Kinachoozesha ni kulowa na kukauka, kila msimu.

"Mnara wa pembeni ulikuwa tangi la maji." Jina, Mnara wa Maji, ndilo linalopotosha. Umeitwa hivyo kwa kuwa umesimama majini. Una pembe nane, ulijengwa kabla ya daraja, na kwa nyakati tofauti umekuwa gereza, chumba cha mateso, hazina na mahali pa kuwekea nyaraka za mji. Daraja nalo lilikuwa sehemu ya ngome dhidi ya adui anayekuja kwa ziwa. Si njia ya kuvukia tu.

"Kila ubao ni wa karne ya 14." Hapana. Karne ya 19 daraja lilifupishwa kingo zilipojazwa udongo. Leo lina mita 200 na ushei. Kisha usiku wa kuamkia 18 Agosti 1993 moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati. Lilijengwa upya na kufunguliwa Aprili 1994.

Hapo ndipo wengine husema, "Basi ni la bandia." Nalipinga hili kwa nguvu zote. Mnara na ncha zote mbili vilinusurika, na daraja la mbao tangu zamani huishi kwa kubadilishiwa mbao moja moja.

Hasara isiyorudi ni picha. Chini ya paa, karne ya 17, ziliwekwa picha 158 zilizochorwa kwenye mbao za pembetatu, zikisimulia historia ya mji na maisha ya watakatifu wake, Leodegar na Maurice. Kabla ya moto zilikuwepo 147. Baada yake, 30 tu kati ya zilizoungua ziliweza kurudishwa katika hali yake. Ukipita, tembea polepole ukiangalia juu: picha, picha, picha, kisha pembetatu tupu.