Klirensi ya plagi kwenye injini za zamani maana yake nini?

Hili neno linachanganya watu kwa sababu mafundi wanalitumia kwa vitu viwili tofauti. Kuna gepu, ule upenyo mdogo pale nchani ambapo cheche inaruka, halafu kuna nafasi kati ya ncha ya plagi na pistoni au valvu ndani ya silinda. Ukimwambia fundi "plagi ina shida ya klirensi" anachukua fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, anapima gepu, anakurudishia gari, na kumbe tatizo lilikuwa lile la pili.

Gepu ni rahisi. Nachukua Volkswagen Beetle maana ndiyo naijua: inataka kama milimita 0.7 hivi. Gari nyingi za kisasa zinafika 1 na zaidi, ila zina koili zenye nguvu, Beetle inategemea pointi (swichi ndogo ya kukata na kuunga umeme wa koili) na koili ya kawaida, kwa hiyo ukiachia gepu pana injini inaanza kukosakosa ukipanda mlima na mzigo. Ukibana sana, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inakuwa mbaya, gari linatetemeka likiwa limesimama. Kurekebisha unakunja ule mguu wa pembeni tu, polepole, usitie bisibisi ukaegemeza kwenye ncha ya katikati, kauri yake inapasuka na huoni.

Sasa hii ya pili ndiyo inaua injini. Hedi ya Beetle, kile kifuniko cha silinda ambamo plagi hufungwa, ina tundu fupi, uzi wa plagi yake, ile sehemu ya skrubu, una urefu wa milimita 12.7. Zipo plagi zenye uzi wa milimita 19, upana uleule wa 14, zinaingia bila kugoma hata kidogo, ndo maana watu wanaumia. Kwa plagi za kampuni ya NGK tofauti ni herufi moja tu: B5HS ni fupi, B5ES ni ndefu. H na E, basi! Mimi niliuziwa ndefu kwenye duka la spea, nikafunga mwenyewe, gari likawaka likawa linagonga tik tik tik kufuata mwendo wa injini, nikadhani ni valvu nikahangaika nazo asubuhi nzima, kuja kufungua plagi nakuta mguu umelala umegusana na ncha ya katikati. Pistoni ilikuwa inaupiga.

Na hata isipogongwa bado ni hatari, maana uzi uliotokeza ndani unapata moto mkali, unaweza kuwasha mafuta kabla ya cheche, na unashika masizi, siku ya kuitoa yale masizi yanakwangua uzi wa hedi ambayo ni aluminiamu laini. Hapo utatafuta mtu wa kutia uzi mpya.

Kwa hiyo kabla ya kufunga weka plagi mpya sambamba na ya zamani, lakini usiiamini ile ya zamani moja kwa moja, labda aliyekuwa nayo kabla yako alikosea pia. Pima urefu wa uzi peke yake, toka pale wosha inapokaa, ulinganishe na tundu. Ukishafunga usikimbilie starta, zungusha injini kwa mkono na spana kwenye puli, mizunguko miwili kamili ili kila pistoni na kila valvu ipite, ukisikia inakwama au inagusa, acha hapohapo. Kama hedi imewahi kuskimiwa, yaani kunolewa uso wake ukapungua, uwe makini zaidi, maana pistoni imesogea karibu.

Watu huongeza wosha ya pili chini ya plagi ndefu ili irudi nyuma. Inasaidia kufika nyumbani, mimi siipendi, sehemu ya joto la plagi inatokea kwenye kile kikalio, pale wosha inapokaa, na ukirundika wosha halitoki vizuri. Nunua iliyo sahihi, funga injini ikiwa imepoa, ingiza kwa vidole mpaka ikae, kama ni mpya na wosha yake ongeza nusu mzunguko na spana.