Jamani, simenti nyingi haizibi ufa

Wiki hii nimeambiwa tena. Niko juu ya ngazi napiga kiraka cha lipu ukutani, mwiko mkono huu kibao mkono huu, mwenye nyumba yuko chini analiangalia karai langu kwa jicho la mtu anayehisi anapunjwa. "Fundi, mbona simenti kidogo hivyo, ongeza bwana ishike, ile ya kwanza si ndo ilipasuka." Sikumjibu vibaya, nina adabu zangu, ila hiyo kauli nimeisikia mpaka basi, kwa hiyo leo naiandika hapa mara moja, mwingine akiniuliza nimtumie linki tu niendelee na kazi.

Iko hivi. Lipu ya simenti ikianza kupoteza maji inasinyaa. Mchanga hausinyai, mchanga ni mchanga tu, kinachosinyaa ni lile tope la simenti na maji linaloushika. Sasa ukizidisha simenti umezidisha kile kile kinachosinyaa, na maji nayo utazidisha kwa sababu tope la simenti nyingi linanata kwenye mwiko na msaidizi wako atachoka, atamimina kopo jingine ukiwa umegeuka. Kiraka kimeshikwa kingo zote na lipu ya zamani ambayo ilishamaliza kusinyaa siku nyingi, hiki kipya kinataka kujivuta kwenda katikati, hakina pa kwenda, kinaachia pembeni. Ndo unapata ule ufa mwembamba kama unywele unaokizunguka kiraka chote, yaani kama mtu kakichora kwa penseli. Halafu mwenye nyumba anakuja na kusema unaona sasa, simenti ilikuwa kidogo! Tunaongeza. Kinapasuka zaidi. Tunaongeza.

Na hapo bado sijafika kwenye kinachoniudhi kweli, maana ufa wa unywele unafichika, pati kidogo, ile rojo laini ya kujazia nyufa, na msasa, yameisha. Kinachoniudhi ni ugumu. Watu wanadhani kiraka bora ni kile kigumu kama jiwe. Hapana! Lipu haitakiwi kuwa ngumu kuliko kilichoko nyuma yake. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi, nikapewa nyumba ya zamani, ukuta wa mawe na chokaa, sehemu ya lipu imedondoka upana wa meza. Nikataka nionekane fundi, nikachanganya ndoo moja ya simenti kwa mbili za mchanga. Kiraka kilitoka kizuri, kinang'aa, ukikigonga kinalia kama kigae. Haikupita muda mrefu nikaitwa, nakuta kiko sakafuni, kimedondoka kizima kama sahani, hakina ufa hata mmoja. Nilipokigeuza nyuma nikakuta kimeng'oa na ngozi ya ukuta wenyewe, unene wa kidole. Kiraka changu kilishinda, ukuta ndo ulishindwa. Mteja alikuwa amesimama pembeni, na mimi nimeshika lile lisahani sijui niliweke wapi.

Kwa hiyo vipimo vyangu siku hizi: lipu ya kawaida ya ndani, juu ya tofali za simenti, ndoo 1 ya simenti kwa 5 au 6 za mchanga uliochekechwa. Ukuta wa zamani ulio laini kidogo natia na chokaa, 1 ya simenti, 1 ya chokaa, 6 za mchanga. Ukuta wa udongo au wa chokaa tupu simenti siigusi, ni chokaa na mchanga, 1 kwa 3, tabaka nyembamba, na unasubiri. Ukuta wa aina hiyo unavuta unyevu na kuutoa, ukiufunika na simenti ngumu unyevu unakwama nyuma na lipu inaanza kujimenya toka ndani. Na usipige nene kwa mpigo mmoja, milimita 10 hadi 15 inatosha, shimo likiwa na kina zaidi ya hapo unarudia mara mbili, tabaka la kwanza ulikwaruze ili la pili lipate pa kushika.

Sasa kama simenti siyo inayoshikisha, ni nini? Usafi na maji. Siku lipu ikikudondokea usiifagie kwanza, okota kipande, pitisha kidole upande wa nyuma. Kidole kikitoka cheupe kwa vumbi umeshapata jibu, kiraka kilishika vumbi, hakikushika ukuta. Hapo hata ungetia mfuko mzima. Unagonga kuzunguka shimo kwa mpini wa nyundo, panapolia bwabwabwa pako wazi kwa ndani, panapolia kavu pameshika. Unabomoa kwa tindo mpaka ufike palipo pagumu, kingo unazichonga zisimame wima au ziingie ndani kidogo, siyo zile za kulala kama sahani ambazo lipu inaishia nyembamba kama karatasi na kumeguka. Brashi ngumu, toa vumbi lote. Maji, ngoja, maji tena. Ukuta mkavu unakunywa maji ya lipu yako kabla simenti haijayatumia, na simenti haikomai kwa kukauka jamani, inakomaa kwa kutumia maji. Unataka ukuta wenye unyevu ila usiong'aa maji, ukipaka mwiko juu ya maji yanayong'aa lipu inateleza.

Kwa sababu hiyo hiyo ukimaliza unamwagilia. Siku tatu angalau, wiki ndo vizuri, kunyunyizia tu asubuhi na jioni, jua lisilipige moja kwa moja. Hii ndo kazi inayorukwa kuliko zote, maana fundi ameshalipwa na mwenye nyumba anaona maji ukutani ni uchafu.

Bodi za jipsamu ni dini nyingine kabisa, nitapita haraka. Tundu la msumari, pati, msasa, basi. Tundu la ngumi usilijaze pati, litadumbukia, kata pembe nne, weka kipande cha mbao kwa nyuma ukikaze na skrubu, kata kiraka cha bodi cha unene ule ule, kaza, funika viungo kwa tepu, pati mara tatu na kila mara unatanua zaidi ya mwanzo. Karatasi ya bodi ikiwa imechanika kata nyuzi zote zilizolegea na upake praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kabla ya pati, la sivyo itavimba mapovu. Na ndoo iwe safi! Jipsamu iliyoganda kwenye ndoo ya jana inaifanya ya leo igande kabla hujapanda ngazi, na ikishaanza kuganda usiiongezee maji ukidhani umeiokoa, mwaga. Usipeleke jipsamu kwenye ukuta unaolia unyevu na kutoa chumvi, hapo hakuna cha kuziba, tafuta maji yanatoka wapi kwanza.

Nina mambo mawili ambayo bado yananisumbua. La kwanza, pale panapolia wazi lakini pameshika. Inasemwa bomoa pote. Mimi wakati mwingine naacha, maana nyumba za zamani ukifuata mlio utajikuta umebomoa chumba kizima, na nimeacha sehemu zikakaa miaka, nyingine nimeacha nikaitwa tena. Sina kanuni, nasukuma kwa kiganja, pakicheza natoa, pasipocheza naomba Mungu. La pili ni ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha. Naweka alama za penseli kwenye ncha zake na tarehe, nasubiri, ukivuka alama basi jengo linatembea na hiyo siyo kazi ya mwiko wangu, aitwe mhandisi. Ila usipovuka? Umetulia au umelala tu? Nimeziba za hivyo nyingi tu, na sijui zote zimeishia wapi.

Yule wa wiki hii nilimwachia ndoo na brashi, nikamwelekeza amwagilie asubuhi na jioni. Jana kanitumia picha kwa furaha, kiraka kimekauka kweupe, na pembeni yake feni imewashwa mwisho kabisa, imeelekezwa ukutani.