Miaka minane baada ya surua

Mama mmoja alinitandikia mezani madaftari mawili ya mwanawe wa miaka 9. La Januari, herufi zimenyooka. La Juni, mistari inapanda na kushuka, maneno yameachwa katikati. Shuleni walimchapa wakidhani ni uvivu; nyumbani ndugu walishaanza kutaja uchawi. Nikiwa bado nafunua kurasa, mtoto akashtuka, kichwa kikaanguka mbele, kikarudi. Sekunde chache baadaye, tena.

"Aliwahi kuugua surua?"

"Akiwa na miezi 10, daktari. Lakini alipona kabisa."

Surua, au ukambi kama wasemavyo Kenya, tumeizoea kuwa ni homa, macho mekundu na vipele, halafu basi. Ila kwa watoto wachache virusi hubaki ndani ya seli za ubongo na kubadilika humo. Hushindwa kuunda kirusi kamili cha kutoka nje ya seli, kwa hiyo kinga ya mwili haivinasi, navyo hupenya taratibu kutoka seli hadi seli jirani. Mara nyingi miaka 6 hadi 10 hupita, mtoto anacheza na kusoma kama wenzake. Kisha akili inaanza kufifia, mishtuko inafuata, na mwishowe mwili unakakamaa. Ugonjwa huu tunauita SSPE, na walio hatarini zaidi ni waliougua surua kabla ya kutimiza miaka 2.

Kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, mawimbi makubwa huibuka pande zote mbili kwa pamoja kila baada ya sekunde 4 hadi 10, sambamba na mishtuko. Maji ya uti wa mgongo nayo hukutwa na kingamwili nyingi za surua.

Dawa ya kuuponya hatuna. Tunaweza kupunguza mishtuko, lakini wengi hufariki ndani ya miaka 1 hadi 3. Sijapata namna nyepesi ya kumwambia mzazi hilo.

Wapo wanaohofu kwamba chanjo ndiyo huuleta. Sivyo: virusi vilivyochunguzwa kutoka ubongo wa wagonjwa ni vya surua yenyewe, si vya chanjo.

Tanzania chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto huyu, nafasi ya surua ilikuwa tupu. Walikuwa wamesafiri msibani, na waliporudi hawakwenda tena kliniki.

Nikamwuliza kama nyumbani ana mdogo wake. Yupo, wa mwaka mmoja na nusu. Nikamwomba kesho yake aje naye, pamoja na kadi.