Siku za kushika mimba ni zipi hasa?

Siku za kushika mimba ni zile siku chache za mzunguko wa hedhi ambazo tendo la ndoa linaweza kuleta ujauzito. Ni kama sita tu: siku yai lililopevuka linapotoka, na tano zinazoitangulia.

Mbona ziko kabla ya yai na si baada yake? Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24. Lisiporutubishwa ndani ya muda huo, basi, mpaka mzunguko mwingine. Mbegu za kiume zina subira zaidi: ute wa ukeni ukiwa mzuri zinaweza kukaa hai hadi siku tano. Kwa hiyo zenyewe ndizo za kutangulia na kulisubiri yai kwenye mrija wa uzazi. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, ulifuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, na mimba zilitungwa pale tu tendo lilipofanyika ndani ya siku hizo sita. Anayengoja mpaka ahakikishe yai limetoka, mara nyingi keshachelewa.

Sasa ile siku ya 14 ambayo kila mtu anaitaja. Ni makadirio ya mwenye mzunguko wa siku 28, na wanawake wengi hawana mzunguko huo. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka. Kuanzia yai kutoka hadi hedhi inayofuata hupita takriban siku 14, na kipindi hicho hakiyumbi sana. Kinachorefuka au kufupika zaidi ni kile cha kabla ya yai. Hivyo hesabu huanzia mwisho wa mzunguko kurudi nyuma. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, na siku zake ni kuanzia ya 16. Akishikilia ya 14 kama amri, atakuwa anajitahidi mapema kila mwezi na kujilaumu bure. Mwenye siku 24 yeye huanza karibu siku ya 5, pengine damu haijakauka vizuri.

Hata hivyo kalenda hubahatisha, na programu za simu nazo hubahatisha vilevile, kwa kuwa zinatabiri kutokana na miezi iliyopita. Homa, safari au msongo wa mawazo vinaweza kuchelewesha yai. Mwili wenyewe husema kweli zaidi. Tazama ute: baada ya hedhi huwa mkavu au mzito na mweupe, kisha unakuwa mwingi, mwangavu na wa kuteleza. Ukiushika kati ya vidole viwili unavutika bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Siku hizo usizipoteze.

Vipimo vya mkojo vya kupima LH, homoni inayochochea yai kutoka, husaidia pia, maana homoni hiyo hupanda ghafla siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari wawe waangalifu: LH yao inaweza kuwa juu hata pasipo yai. Kupima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani kunathibitisha tu kilichokwisha kutokea, kwani joto hupanda baada ya yai kutoka.

Kwa wanaochoshwa na hesabu, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu katika mzunguko mzima kunatosha. Binafsi naona ndiyo njia isiyoharibu ndoa. Vilainishi vingi vya dukani hupunguza mwendo wa mbegu, kwa hiyo tafuteni vilivyotengenezwa kwa wanaotafuta mtoto.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita kama mwanamke ana miaka 35 au zaidi, muoneni daktari. Mwenye hedhi isiyotabirika asingoje muda huo. Na mwende wote wawili: mbegu za mwanamume zipimwe tangu mwanzo, sio baada ya mke kumaliza vipimo vyote.