Skana imesema safi: dhana potofu na ukweli kuhusu kukagua msimbo wa C

Jumamosi asubuhi nakaa na vijana watano au sita hapa Tudor, Mombasa, tunapitia msimbo wa lugha ya programu ya C ambao kila mmoja ameuandika wiki hiyo. Wengi wao wanaandikia vifaa vidogo: mita za maji, vipimajoto vya makontena ya baridi, vifaa vya kufuatilia malori yanayotoka bandarini Kilindini. Kifaa cha namna hiyo kikishafungwa chini ya dashibodi ya lori linaloelekea Malaba, kukifuata huko ili ukirekebishe ni kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo maana nawasisitizia watafute udhaifu mapema, msimbo ukiwa bado mezani. Fundi wa jahazi hangoji chombo kishuliwe ndipo aulize maji yanaingilia wapi. Hupita mshono baada ya mshono kikiwa bado mchangani, na penye mwanya hutia kalafati. Uchanganuzi tuli ndio huo: programu, tunayoiita skana, inausoma msimbo bila kuuendesha, ikitafuta mianya. Lakini mengi ninayoyasikia kuhusu kazi hii, kwa vijana na hata kwa wakubwa wao makazini, si sahihi.

Dhana: Kompaila imekubali bila onyo, basi msimbo hauna tatizo.

Kompaila ya C haikuwekwa kuwa mlinzi wa usalama. Kazi yake ni kutafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine, na lugha yenyewe inakuruhusu kuandika mambo mengi ya hatari. Hata alama ya -Wall unayoipa kompaila ili ikuonye, ambayo jina lake linaahidi maonyo yote, haitoi yote. Februari 2014 Apple walilazimika kurekebisha kosa kubwa katika programu yao ya mawasiliano salama: mstari wa goto fail, yaani "ruka hadi sehemu ya kushindwa", ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Ule wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, kwa hiyo ukaguzi wa sahihi ya seva ulirukwa kila mara na mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya seva halali. Msimbo uliofuata chini yake haukufikika kabisa. Clang, mojawapo ya kompaila za C, ilikuwa na onyo la jambo hilo hasa, -Wunreachable-code, lakini halimo ndani ya -Wall. Lazima uliwashe mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia kompaila imenyamaza, swali langu la kwanza ni: uliiomba ikwambie nini?

Dhana: Skana inatafuta maneno hatari tu. Toa strcpy, weka strncpy, umemaliza.

Hizo mbili ni fanksheni za C za kunakili maandishi; ya pili huwekewa kikomo cha urefu. Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu ina ukweli nusu. Zana za mwanzo za usalama, kama ITS4 ya mwaka 2000 na Flawfinder ya 2001, zilifanya kazi karibu na hivyo: zina orodha ya fanksheni zenye sifa mbaya, na kila zinapokutana nayo zinapiga kelele. Na zipo fanksheni zinazostahili kelele hizo. Fanksheni ya gets, inayosoma maandishi yanayoingia, haiwezi kujua bafa yako, yaani nafasi ya kumbukumbu uliyoyatengea, ina ukubwa gani, humimina tu. Mdudu wa Morris wa Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, alipita mlango huo ndani ya programu ya fingerd, na kiwango cha C cha mwaka 2011 kikaifuta gets kabisa.

Lakini strncpy si dawa. Maandishi yakijaza bafa yote, haiweki ile baiti ya sifuri inayoonyesha mwisho wa maandishi, na fanksheni itakayofuata itaendelea kusoma kumbukumbu ya jirani hadi ikutane na sifuri mahali fulani. Umebadilisha neno, mwanya umehama.

Udhaifu wenyewe uko kwenye safari ya data: imetoka wapi, imepimwa wapi, imetumika wapi. Skana nzuri za leo hufuata safari hiyo. Hutia alama kila kitu kilichoingia kutoka nje, yaani mtandao, faili au kibodi, kisha hukisindikiza kutoka fanksheni hadi fanksheni kuona kama kuna mahali kimehojiwa kabla ya kuaminiwa. Tazameni mistari hii mitatu:

int urefu = soma_urefu(soketi);
if (urefu > 128) return -1;
memcpy(bafa, data, urefu);

Bafa ina baiti 128, na memcpy hunakili data ndani yake kwa idadi ya baiti unayoitajia. Ukaguzi upo, unaonekana kwa macho. Kila kijana ninayemwonyesha husema iko sawa. Sasa mwambie aliye upande wa pili atume urefu wa -1. Je, -1 ni kubwa kuliko 128? Hapana, basi inapita. Ikifika memcpy inageuzwa kuwa namba isiyo na alama ya kutoa, na -1 inakuwa namba kubwa kuliko zote ambazo aina hiyo inaweza kubeba. Hapo memcpy inaanza kuandika mbali sana nje ya bafa. Zana ya kutafuta maneno italalamikia memcpy hapa kama inavyoilalamikia mahali pengine mia moja, na utaizoea. Zana inayofuata thamani itakwambia jambo lenye maana: urefu umetoka kwenye soketi, umewekewa kikomo cha juu tu, cha chini hakipo.

Mistari ya namna hii niliikuta miaka kadhaa nyuma ndani ya kifaa kilichokuwa tayari barabarani, kazini nilipokuwa wakati huo. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kulikuwa na mtu aliyewasha -Wsign-conversion, onyo la kugeuza namba kati ya aina yenye alama ya kutoa na isiyo nayo, akaliona onyo, akaandika (size_t), yaani "ichukulie kama namba isiyo na alama ya kutoa", mbele ya urefu, onyo likatoweka. Alikuwa ameiambia kompaila kwa sauti kubwa kwamba anajua anachofanya. Marekebisho halisi yalikuwa maneno machache: kukataa chochote kilicho chini ya sifuri.

Dhana: Maonyo mengi ni ya uongo, kwa hiyo yanyamazishe uendelee na kazi.

Ni kweli maonyo ya uongo yapo, tena mengi. Lakini onyo ni swali, na kulinyamazisha ni kulijibu. Tofauti ni kama umelijibu baada ya kusoma au bila kusoma.

Mfano mkubwa ninaoujua unatoka Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL huko, maktaba ya usimbaji wa mawasiliano, aliona malalamiko ya zana ya Valgrind kuhusu kumbukumbu ambayo haijawekwa thamani. Valgrind hukagua programu ikiwa inaendeshwa, si tuli, ila funzo ni lilelile. Aliizima mistari miwili ya msimbo ili kelele ziishe. Mmoja wao ndio uliokuwa ukiingiza ubahatishaji kwenye utengenezaji wa funguo. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ile ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, hivyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo palikuwa na uwezekano 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida inazimaliza zote bila shida. Kosa hilo liliishi hadi Mei 2008, na watu duniani kote wakalazimika kutupa funguo zao na kutengeneza upya.

Kwa hiyo kwetu Tudor kuna sharti moja: anayenyamazisha onyo anaandika juu ya mstari huo kwa nini, kwa Kiswahili cha kawaida, na jina lake. Akishindwa kueleza, onyo linabaki.

Dhana: Ripoti ikirudi tupu, msimbo uko salama.

Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kwa kila programu kama itafika mwisho au la, na Henry Rice mwaka 1953 akapanua jambo hilo kwa sifa zote zenye uzito za tabia ya programu. Maana yake kwa fundi ni hii: kila skana ama itakosa baadhi ya makosa, ama itashuku msimbo usio na hatia, na nyingi hufanya yote mawili.

Heartbleed, kosa maarufu la usalama ndani ya OpenSSL, ilikuwa hivyo. Iliingia na OpenSSL 1.0.1 Machi 2012, ikatangazwa 7 Aprili 2014. Mteja hutuma ujumbe mdogo na kusema una urefu gani. Seva ilimwamini, ikanakili urefu huo kwa memcpy na kumrudishia. Ukituma baiti moja na kudai umetuma elfu sitini, unapewa kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja, pengine na nywila za watu ndani yake. Ni ndugu wa mistari yangu mitatu. Coverity, skana yenye sifa kubwa, haikuiona, kwa sababu safari ya namba ile ilikuwa ndefu na yenye kona nyingi. Baada ya tangazo wahandisi wake walipata wazo zuri: msimbo unapogeuza mpangilio wa baiti za namba, kuna uwezekano mkubwa namba hiyo imetoka mtandaoni, basi itiliwe shaka hapohapo. Kwa kanuni hiyo ikaiona. Kulihitajika mtu wa kuifundisha zana itafute wapi.

Zipo zana zinazothibitisha kweli. Astrée ya Ufaransa ilithibitisha mwaka 2003 kwamba programu kuu ya kuongoza ndege aina ya Airbus A340 haina makosa ya wakati wa kuendeshwa, kama kugawa kwa sifuri au kutoka nje ya safu. Lakini hiyo ni C iliyoandikwa kwa nidhamu kali, na hata uthibitisho huo hausemi lolote kuhusu nywila uliyoiacha wazi ndani ya msimbo.

Dhana: Hizi ni zana za makampuni tajiri.

Skana ya Cppcheck ni ya bure. Skana ya Clang ni ya bure. GCC, kompaila nyingine ya bure, kuanzia toleo la 10 la mwaka 2020 ina kichanganuzi kinachowashwa kwa -fanalyzer ndani yake. Kompyuta kuukuu ya mwanafunzi inatosha kwa miradi midogo.

Dhana: Kutafuta udhaifu ni udukuzi, utashikwa.

Wazazi wawili wameniuliza hili kwa hofu ya kweli, na nawaheshimu kwa kuuliza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inaadhibu kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Kijana anayesoma msimbo alioandika mwenyewe, juu ya meza yake mwenyewe, hajaingia kwa mtu. Akipata kosa kwenye maktaba ya msimbo huria, humwandikia mtunzaji faraghani kwanza, na kumpa muda wa kurekebisha kabla ya kulitangaza. Wiki iliyopita mmoja wa vijana wangu aliandika barua yake ya kwanza ya aina hiyo. Tuliisoma pamoja mara tatu kabla hajaituma, na mara zote tatu tulirudi kwenye namba ya mstari kuhakikisha ni ule.